Jiko la Garini na Haki ya Fundi



Majuma machache yaliyopita tulipokea suali kutoka kwa mama mmoja wa Likoni. Yeye na mumewe wana gari, na kila likizo husafiri Nairobi na watoto. Amechoka kutoa fedha nyingi hotelini, na amechoka zaidi kula nyama asiyojua imechinjwa na nani. Ameona picha ya gari ambalo nyuma yake huvutwa droo, na ndani ya droo mna jiko, meza na vyombo. Anauliza: je, jambo hili lafaa, na lafanywaje?

Suali hili limetujia wakati sisi wenyewe tumo katika shughuli ya jiko la namna hiyohiyo, huko Kibera na Kawangware. Tumejifunza mengi, na baadhi yake tumejifunza kwa gharama ambayo hatupendi msomaji wetu ailipe. Kwa hivyo tutajibu kwa kisa, na katika kisa hicho limo deni letu ambalo imetulazimu tulikiri mbele yenu.

Binti wa jirani yetu wa zamani wa Majengo, Mombasa, aliolewa Nairobi, wakaweka makazi Makina, Kibera. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akibeba mizigo midogo ya watu kwa gari lake aina ya Toyota Probox. Alipofariki aliacha mama mzazi, mjane, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, na gari hilo. Ilipokwisha eda, miezi minne na siku kumi, ndugu za marehemu wakasema gari liuzwe. Binti akatupigia simu. "Ami," alisema, "gari hili likiuzwa tutakula fedha yake kwa miezi sita. Baada ya hapo tutakula nini?"

Tulipanda gari la usiku tukaenda. Madeni yalikuwa yamelipwa na wasia haukuwapo. Gari lilikadiriwa shilingi 480,000. Mjane, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni, nayo ni 60,000. Mama wa marehemu ana sudusi, nayo ni 80,000. Zilizobaki 340,000 ni za watoto: kijana 170,000 na kila msichana 85,000. Ndugu za marehemu, kwa kuwa ameacha mtoto wa kiume, hawakuwa na fungu. Tuliwaeleza kwa upole, nao, Mungu awajaze kheri, walikubali. Mama mkwe akasema fungu lake libaki ndani ya gari, apelekewe chochote kitakachopatikana.

Tunaitaja hesabu hii kwa sababu moja. Kwa hakika gari lile halikuwa la mjane, wala la ami, wala la sheikh aliyekuja na kalamu yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa mali ya mayatima. Tukapatana kwamba kila siku ya biashara gari liandikiwe kodi yake katika daftari, kodi hiyo igawanywe kwa mafungu yaleyale, na kinachozidi kiwe ujira wa mama kwa jasho lake. Leseni ya kuendesha anayo tangu kabla hajaolewa.

Biashara yenyewe ilikuwa kupika. Mnajua kwamba mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga kazi za watu, wengi katika jiji la Nairobi walifungua buti za magari yao kando ya barabara wakauza mboga, mayai na vyakula. Wengine wakaacha hali ilipotengemaa, wengine wanaendelea hadi leo. Binti yetu aliamua kuuza chai ya maziwa yenye tangawizi, mahamri, na mbaazi za nazi. Alichagua Kawangware, karibu na kituo kinachoitwa 46 kwa jina la nambari ya matatu zake. Alfajiri pale hupita makundi ya watu waendao kwa miguu kazini Lavington na Kileleshwa: mafundi wa ujenzi, walinzi, akina mama wa kazi za nyumbani. Ni watu wanaotaka kifungua kinywa cha moto, cha bei nafuu, kisichowachelewesha.

Juma la kwanza alipika chini. Aliteremsha meko, akateremsha masufuria, akatandika gunia na kupanga vikombe juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vumbi liliingia katika chakula, mgongo ukamuuma, na saa nzima ilipotea kupanga na kupangua. Hapo ndipo akatuonyesha katika simu yake picha ya jiko la kuvuta.

Jambo hili si geni kwa wenye asili ya pwani. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walipikia juu ya sitaha katika sanduku la mbao lililojazwa mchanga, ili moto usiguse ubao. Kule Marekani, mwaka 1866, mfuga ng'ombe wa Texas aitwaye Charles Goodnight aliligeuza gari la kukokotwa la jeshi, akajenga nyuma yake kabati la droo lenye mlango uliolala chini ukawa meza, na humo mpishi akawalisha wachungaji kwa miezi njiani. Makampuni ya utalii ya Nairobi nayo yana magari yenye majiko ya kuvuta ya kupeleka wageni mbugani. Fikra ni moja: jiko liwe na mahali pake, moto utengwe na mbao, na kila chombo kirudi kilipotoka.

Tulimwendea fundi wa mbao wa Kibera, si mbali na soko la Toi. Wasomaji wanaoijua Kibera kwa habari za mabati tu huenda wasijue kwamba jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi, Waislamu wenye asili ya Sudan waliokuwa askari wa Mwingereza, ndio waliokaa hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita, na hati ya ekari 288 waliipata mwaka 2017. Msitu umekwisha kitambo, lakini mafundi wa mbao wangalipo, na mikono yao haina mfano.

Fundi wetu alilipima buti. Alipima upana baina ya matumbo ya magurudumu, urefu hadi kwenye kiti cha nyuma, na kimo hadi chini ya kioo. Akachora sanduku la sentimita 90 kwa 85, kimo 32. Ndani yake akaweka sehemu tatu. Kushoto, droo ya jiko la mafiga mawili. Kulia, droo ya vyombo na unga. Katikati, juu, ubao mwembamba wa kuvuta ambao ungekuwa meza ya kusukumia mahamri. Sanduku lingetengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 18 isiyoogopa maji, na droo kwa milimita 12. Viungo vyote vingekuwa vya gundi na skrubu, si misumari, kwa kuwa msumari hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Gharama yote, pamoja na reli nzito za kubebea droo ya jiko, shilingi 28,000.

Wasomaji wetu, hapa ndipo lilipo kosa letu.

Tuliposikia 28,000 tulianza kufanya kama tulivyozoea sokoni. Tulimwambia fundi kuwa hii ni kazi ya mjane, kuwa ni mayatima, kuwa malipo mengine atayapata kwa Mola wake. Tulisema maneno hayo yote, na yote yalikuwa kweli, lakini tuliyatumia kama fimbo. Fundi alishuka hadi 24,000 akasimama. Sisi hatukusimama. Mwishoni alisema, "Sheikh, kwa 19,000 nitafanya, lakini itabidi niweke reli za droo za nyumbani. Zile za kabati la nguo. Sitaki uniambie baadaye sikukwambia." Tukamjibu kwamba reli ni reli. Tukaondoka tumefurahi, tukihesabu kuwa tumewaokolea mayatima shilingi 9,000.

Kazi ilikamilika kwa siku nne, nayo ilipendeza. Sanduku lilipakwa vanishi, kingo zikapigwa msasa zikawa laini kama ubao wa kusomea. Binti alifurahi. Kwa muda wa siku kumi na mbili mambo yalikwenda vizuri. Alifika, akafungua mlango wa nyuma unaopanda juu ukawa kivuli, akavuta droo, akawasha, na kwa dakika kumi chai ilikuwa ikichemka.

Siku ya kumi na tatu shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa amekuja na kitindamimba wake wa miaka sita. Juu ya jiko palikuwa na sufuria kubwa ya mbaazi za nazi na birika la chai. Droo ilikuwa imevutwa yote. Pini za reli ya upande wa kushoto ziling'oka, droo ikainama kama ulimi, na sufuria ikateleza. Mbaazi za moto zilimwagika chini na zikampata mtoto kwenye mguu, kuanzia kifundo hadi vidole.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ambaye hukaa hatua chache kutoka hapo na hunywa chai kwake kila siku, alimnyanyua mtoto, akaukinga mguu wake chini ya bomba la dumu la maji la kunawia, akaacha maji yapite mfululizo. Mtu mmoja alileta dawa ya meno ampake, mwingine akataka unga. Fundi alikataa vyote. Alikuwa sawa. Tunawaomba akina mama walishike hili: aliyeungua hupozwa kwa maji ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, hapakwi dawa ya meno, wala mafuta, wala unga, wala barafu. Kisha hufunikwa kwa kitambaa safi kisichogandamana na jeraha, akapelekwa hospitali. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Alama imebaki.

Tulipopata habari tulikuwa Mombasa. Neno la kwanza lililotutoka kinywani, na tunaona haya kuliandika, lilikuwa la kumlaumu fundi wa Kibera. Binti alinyamaza kidogo katika simu. Kisha akasema kwa adabu yake, "Ami, yeye alisema."

Kweli, alisema.

Tulirudi Nairobi. Tulianza Kawangware, kwa yule mchomeleaji. Alilala chini ya buti kwa muda, akatoka akipangusa mikono. "Mzee," alisema, "mbao hii haina neno. Huyu jamaa anajua kazi. Shida ni kwamba mlimpa mtoto abebe gunia." Akatueleza kwa kutumia fimbo yetu wenyewe. Aliishika ncha moja, akatuambia tutundike mfuko wa sukari karibu na mkono wake, kisha tuusogeze hadi ncha ya mbali. Mfuko ni uleule, lakini mkono wake ulianza kutetemeka. Ndivyo ilivyo droo iliyovutwa nje. Uzito wa sufuria iliyo mwisho wa droo huzidishwa na urefu, na mzigo wote huishia kwenye pini chache zilizo nyuma. Reli ya kabati la nguo haikukusudiwa hayo.

Basi alitengeneza mambo matatu. Kwanza, aliondoa reli zile akaweka vyuma viwili vyenye umbo la mfereji, ndani yake vikipita vigurudumu vya beringi, vyote vimefungwa kwa bolti zinazopenya ubao hadi upande wa pili. Pili, aliweka mbele ya droo miguu miwili ya kukunja inayofika ardhini, yenye skrubu ya kurefusha na kufupisha kwa kuwa ardhi ya Kawangware haiko sawa. Mtu haruhusiwi kuwasha moto kabla miguu haijasimama. Tatu, aliweka komeo la pande mbili: moja huizuia droo isitoke gari likipanda mlima, na jingine huizuia isirudi ndani wakati mama anakoroga. Alitoza shilingi 11,000. Hatukusema neno, tukamlipa papo hapo.

Msomaji mwenye hesabu ameshaona. Kumi na tisa na kumi na moja ni thelathini. Tulikataa kutoa 28,000, tukatoa 30,000 na ngozi ya mguu wa yatima.

Kutoka hapo tulikwenda Kibera kwa fundi wa kwanza. Tulimkuta akipiga randa. Tulimwambia kilichotokea, na kwamba kosa lilikuwa letu. Tukamwomba radhi, tukampa shilingi 5,000, ambazo ni tofauti baina ya bei aliyosimama nayo na ile tuliyomlazimisha. Zilitoka mfukoni mwetu, si katika daftari la mayatima. Alizipokea baada ya kukataa mara mbili. Kisha akasema jambo moja tu: "Sheikh, watu wa 46 wanasema ni sanduku langu lililomuunguza mtoto. Wateja wawili wamenikimbia. Ukiweza, uwaambie."

Tuliwaambia wa 46 siku ileile. Na kwa kuwa sisi husema na watu wengi zaidi kupitia ukurasa huu, tunawaambia nanyi: fundi yule alituonya, nasi hatukumsikiliza. Dini yetu imetukataza kuchelewesha ujira wa mfanyakazi. Huenda tukajidanganya kwamba tukimlipa mapema tumemaliza, ilhali tumeukata ujira wenyewe hadi ukakosa kutosha kazi. Mnunuzi ana haki ya kupatana bei, hilo halina shaka. Lakini fundi akisema, "Chini ya hapa nitapunguza ubora," mapatano yamekwisha; kinachoendelea baada ya hapo ni kununua hatari kwa bei ya chini. Na jina la yatima halifai kutumiwa kumpunja maskini mwingine.

Sasa turudi kwa mama wa Likoni. Ndiyo, jambo hili lafaa, na lina manufaa. Ukitaka kulifanya, yazingatie haya tuliyojifunza.

Sanduku lifungwe kwa gari, lisikae kwa uzito wake tu. Sanduku lenye vyombo na chakula hufika kilo 60 kwa wepesi, na mbele yake kwenye kiti cha nyuma wamekaa watoto. Dereva akikanyaga breki ghafla katika barabara ya Mombasa, gari husimama, lakini sanduku lisilofungwa haliko tayari kusimama. Lifungwe kwa bolti katika sehemu imara ambazo gari limekuja nazo, na bamba la chuma liwekwe upande wa chini. Lisichomelewe moja kwa moja kwenye bodi, ili liweze kutolewa gari likihitajika kwa kazi nyingine. Na kabla ya kuanza, mweleze mwenye bima yako unachokusudia kufanya.

Uzito uhesabiwe. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo dumu la lita 20 ni kilo 20. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukiongeza chuma chenyewe, hukaribia kilo 13. Vizito vikae chini na karibu na kiti, vyepesi vikae juu na karibu na mlango. Tairi la akiba na jeki viweze kufikiwa bila kubomoa jiko zima usiku, gizani, huko Mtito Andei.

Kuta zinazozunguka jiko zifunikwe bati, na baina ya bati na mbao iachwe nafasi ya kidole ipite hewa. Zaidi ya hayo, droo ivutwe hadi moto wote uwe nje ya gari. Viti vya gari na sponji zake hushika moto haraka kuliko mtu anavyoweza kufungua mlango.

Gesi ndiyo tunayoiogopa zaidi, nasi hatuombi radhi kwa kuiogopa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori lililobeba gesi lililipuka Embakasi, Nairobi. Watu walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na nyumba zikateketea. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Hushuka, ikatuama katika sakafu ya gari kama maji yasiyoonekana, ikingoja cheche. Kwa hivyo mtungi usafirishwe ukiwa wima, umefungwa kwa mkanda, valvu imefungwa na regyuleta imeondolewa. Wakati wa kupika uteremshwe, usimame chini, nje ya gari, mbali na moto kwa urefu wa mpira wake. Kila ukiunganisha, paka povu la sabuni kwenye viungo. Likifanya mapovu, usiwashe. Mtungi ununuliwe kwa muuzaji anayejulikana, wala usijazwe vichochoroni. Kizima moto kiwe mahali ambapo mkono hukifikia bila kuvuka moto.

Na mkaa? Msitumie mkaa ndani ya gari kabisa, wala msirudishe ndani jiko la mkaa lililozimika nusu ili mjipashe joto. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala nayo katika gari lililofungwa hufa kabla ya kuamka.

Maji yawe mengi. Dumu lenye bomba liwekwe ubavuni ambapo mtu hunawa bila kugusa chakula. Dumu hilo hutosha kwa vyombo, kwa udhu njiani, na, kama mlivyosikia, kwa siku ya dharura. Maji machafu yakusanywe katika ndoo, yasimwagwe mbele ya mlango wa mtu. Anayetaka kuuza, si kujilia tu, aanze na kibali cha biashara cha kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Binti yetu anavyo vyote viwili, na karatasi hizo zimemwondolea usumbufu mwingi.

Limebaki neno moja, nalo ni kwa akina baba. Tumeona mara nyingi kwamba kifaa kinachonunuliwa ili kumpumzisha mama huishia kumwongezea kazi. Zamani mlipofika Voi nyote mlishuka mkala, mama naye akala. Sasa mtashuka, ninyi mtanyoosha miguu, naye atavuta droo na kuanza kukatakata vitunguu. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Basi anayesimamisha miguu ya droo, anayeunganisha gesi, anayeosha masufuria kabla ya kuondoka, na awe ni baba na vijana wake. Ikiwa hamko tayari kwa hilo, mama wa Likoni, ushauri wetu ni kuwa mpike nyumbani, mfungashe, na fedha ya sanduku mnunue chupa nzuri za kuhifadhia moto.

Huko Kawangware biashara inaendelea. Daftari tumeliona mwezi uliopita: kodi ya gari imeandikwa kila siku, na bibi wa watoto amepelekewa sehemu yake bila kukosa. Kitindamimba haji tena karibu na droo, ingawa mama yake amempa kazi ya kuhesabu vikombe, akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele. Yule mchomeleaji hulipa chai yake kama watu wengine. Binti alitaka asilipe, naye akakataa. Akasema kazi yake ilikwishalipwa, na chai ya mama nayo ina bei yake.

Juma lijalo, insha'Allah, tutajibu suali la ndugu wa Malindi kuhusu mume anayemkataza mkewe kuweka akiba katika chama cha wanawake.

Wabillahi tawfiq.